Karibia Kwanza, Kisha Uandike: Mafungamano na Sonona ya Uzeeni katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona ni miongoni mwa kazi za kale ambazo mwalimu wa Kiswahili huzigusa kila mwaka na kuziacha haraka. Huutaja anapofafanua bahari za ushairi, anapoeleza historia ya tenzi za Pate na Lamu, na pengine anapotaka mfano wa mtunzi mwanamke wa karne ya 19. Mtahiniwa akiulizwa utendi huo unahusu nini, jibu lake huwa sentensi moja: mama anamuusia binti yake amtii mume. Jibu hilo halina kosa. Sehemu kubwa ya beti zake 102 inahusu mwenendo wa mke nyumbani, na wahakiki wameishughulikia sana sehemu hiyo, wengine wakiisifu kama hazina ya adabu za Waswahili, wengine wakiikosoa kama pingu ya mwanamke. Ila jibu hilo huanzia katikati ya kazi. Huziruka beti za mwanzo, ambamo msemaji anatuambia yuko katika hali gani siku anayosema. Makala haya yanakusudia kurudi kwenye beti hizo na kuuliza swali ambalo ni nadra kulisikia madarasani mwetu: nini humtokea mzazi aliyefiwa na anayeugua muda mrefu, na ni kitu gani humrudishia kauli?

Kwanza tukumbushane yanayojulikana. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, inakadiriwa karibu mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepambana kwa miaka mingi na utawala wa Sayyid Said wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Utendi wenyewe unajitaja kuwa wa mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858 kwa hesabu ya Miladi, na umeelekezwa kwa binti ya mtunzi, Mwana Hashima. Mtunzi mwenyewe alifariki karibu mwaka 1860. Kwa hiyo aliyeketi kutunga alikuwa mjane wa takriban miaka miwili, mgonjwa, na mwenye umri unaokaribia hamsini. Leo umri huo hauhesabiwi kuwa uzee; mwalimu wa miaka hamsini bado ana miaka kumi kabla ya kustaafu. Lakini Mwana Kupona anasema kutoka ukingoni mwa maisha na anajua hivyo. Tukimsoma kama mzee hatumwonei.

Ubeti unaonishughulisha zaidi ni ule anaposema, nami hapa naufasiri tu, kwamba maradhi yamemshika hadi yametimiza mwaka, na muda huo wote hakupata kutamka neno jema la kumwambia bintiye. Tusipite hapo kwa haraka. Huyu ni mwanamke ambaye maneno yalimtii kuliko watu wengi wa zama zake. Anayaweka maradhi na ukimya ubavu kwa ubavu, bila kusema waziwazi kipi kilikileta kipi. Tena hasemi kwamba hakutamka neno. Anasema hakutamka neno jema. Huenda alisema mengine: aliomba maji, alilalamika, aliagiza kazi za nyumba. Kilichomkauka ni lile neno ambalo mzazi humpa mtoto likabaki naye. Yeyote aliyewahi kuishi nyumba moja na mgonjwa mzee anakijua kimya cha namna hii. Si kimya cha koo. Mgonjwa anajibu akiulizwa, anakula akipewa, lakini hakuna kinachotoka ndani yake kwa hiari.

Wataalamu wa afya ya akili wana jina la hali inayofanana na hiyo: sonona, yaani huzuni inayodumu na kuua hamu ya mtu ya kushiriki maisha, hata yale yaliyokuwa yakimfurahisha. Sonona ya uzeeni ina tabia ya kujificha. Kijana aliyepatwa nayo huenda akasema waziwazi kwamba ana huzuni. Mzee mara nyingi husema mgongo unamuuma, usingizi umempotea, chakula hakina ladha, kumbukumbu imepungua. Anaacha kwenda kanisani au msikitini, anaacha kutembelea shamba, anaacha hata ugomvi wake wa kila siku na jirani. Walio karibu naye husema ni uzee, na hapo uchunguzi hukoma. Ndiyo maana Jerome Yesavage na wenzake, walipotunga kipimo chao cha sonona kwa wazee mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliyaweka kando kwa makusudi maswali ya mwili, kama yale ya usingizi na hamu ya chakula, wakatumia maswali 30 ya ndiyo au la kuhusu jinsi mzee anavyoyaona maisha yake. Walijua kwamba mwili wa mzee unaweza kuwa na sababu zake nyingine za kuuma.

Je, Mwana Kupona alikuwa na sonona? Sijui, wala mhakiki hana kazi ya kumpima marehemu. Nitarudi kwenye suala hili. Kwa sasa inatosha kusema kwamba utendi unaanza na mtu ambaye ugonjwa umemnyang'anya kauli, na unaendelea kwa kutuonyesha jinsi kauli ilivyorudi.

Ili kuiona njia hiyo nitaazima nadharia ya mafungamano. Mwasisi wake ni John Bowlby wa Uingereza, aliyeishi kati ya 1907 na 1990 na kuieleza katika majuzuu matatu ya miaka ya 1969, 1973 na 1980. Kiini chake ni rahisi. Mtoto mchanga huzaliwa na haja ya kuwa karibu na mtu anayemlinda. Akiogopa humkimbilia, akishiba usalama huondoka akacheza. Namna mtu huyo anavyomwitikia humjengea mtoto picha ya ndani ya mambo mawili: kama yeye anastahili kupendwa, na kama watu wengine wanaaminika. Bowlby alishikilia kwamba haja hii haiishi utotoni bali humfuata binadamu hadi kaburini. Juzuu lake la tatu, lile la 1980, linahusu msiba, na kwa mada yetu ndilo lenye uzito kuliko mengine.

Msomaji anaweza kuuliza ni kwa nini tuazime nadharia ya Ulaya kusomea utendi wa Pate. Hapa kuna jambo ambalo walimu wengi hawalijui. Mwenzake Bowlby, Mary Ainsworth, hakuanza utafiti wake wa mafungamano Ulaya wala Marekani. Aliuanza Uganda mwaka 1954, katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala. Aliwatembelea akina mama 26 na watoto wao nyumbani kwao, akaketi nao, akatazama ni nani mtoto humfuata kwa macho, ni nani humlilia, ni nani humtuliza. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967, kabla ya juzuu la kwanza la Bowlby. Vile vipimo vya maabara vilivyompa umaarufu huko Baltimore vilikuja baadaye. Kwa hiyo tunapoitumia nadharia hii tunakitumia kitu ambacho sehemu ya mizizi yake imo kwetu, katika sebule za akina mama wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver waliihamishia nadharia hii kwa watu wazima, na mwaka 1991 Kim Bartholomew na Leonard Horowitz wakapendekeza mitindo minne. (Mtindo hapa usichanganywe na mtindo wa mwandishi, ni namna mtu anavyojifunga kwa wenziwe.) Mwenye mafungamano salama anaamini kwamba anapendeka na kwamba wengine watamwitikia. Mwenye mafungamano ya wasiwasi anawathamini wengine lakini anajishuku mwenyewe, hivyo huwang'ang'ania na kudai kuhakikishiwa kila mara. Mwenye mafungamano ya kujitenga hujitegemea na kudharau haja ya mtu mwingine. Wa nne, mwenye hofu, anataka ukaribu na wakati huohuo anauogopa. Tafiti zilizofanywa kwa wazee, hasa Marekani na Ulaya, zimeonyesha mara nyingi kwamba wenye mafungamano ya wasiwasi huwa na dalili nyingi zaidi za sonona kuliko wenye mafungamano salama. Kuhusu wanaojitenga, matokeo hayaelekei upande mmoja. Sababu ya hilo si ngumu kuikisia: mzee aliyezoea kutomhitaji mtu huweza kuonekana mtulivu kwa miaka, mpaka siku mwili unapomlazimisha ahitaji mtu wa kumnyanyua kitandani.

Hapa sina budi kuwaonya watahiniwa. Nimesoma insha ambamo mwanafunzi anaitaja nadharia ya saikolojia katika aya ya kwanza, kisha anamgawia kila mhusika jina la ugonjwa kama karani anayegawa vitambulisho. Huo si uhakiki. Mtindo wa mafungamano hupimwa kwa mahojiano na hojaji, kwa mtu aliye hai anayeweza kujibu. Utendi ni kazi ya sanaa yenye kanuni zake, na msemaji wake amejengwa kwa maneno. Kazi ya nadharia ni kutufanya tuone maneno ambayo tungeyapita. Isipotuonyesha neno jipya katika matini, tuiache.

Basi turudi kwenye matini. Baada ya kutaja mwaka wa ukimya, mama anamwita binti asogee mbele na kuketi, akiwa na wino na karatasi, kwani moyoni mwake ana habari anayotamani kumwambia. Msomaji wa tenzi atasema kwamba hii ni kaida tu. Ni kweli: watunzi wengi wa tenzi huanza kwa kuagiza karatasi, wino na kalamu, na wengine huzisifu zana hizo kwa beti kadhaa. Lakini tazama kaida imefanyiwa nini hapa. Anayeagizwa zana ndiye anayeambiwa habari. Binti ni mwandishi na msikilizaji kwa wakati mmoja. Tena kuna mpangilio ambao nadharia ya mafungamano inatusaidia kuuona: anaambiwa kwanza akaribie, na akishakaribia ndipo aandike jina la Mungu. Ukaribu unatangulia kalamu. Mgonjwa ambaye kwa mwaka mmoja hakuwa na neno jema halipati neno hilo akiwa peke yake kisha akatafuta wa kumpa. Analipata mtoto anapokuwa mbele yake. Hii ndiyo hoja kuu ya makala haya, na nadhani utendi mzima umesimama juu yake.

Kinachofuata ni zawadi. Mama anamwambia binti apokee hirizi na aifunge vizuri kwa uzi. Anataka kumtungia kidani cha lulu na marijani amvishe shingoni. Anataka kumpa kifungo kizuri kisicho na kasoro. Kwa kawaida tunafundisha beti hizi chini ya kichwa cha tamathali: wosia umelinganishwa na pambo, basi, tunaendelea. Lakini mbona picha zote hizi ni za vitu vinavyovaliwa mwilini, na vinavyofungwa? Mama angeweza kuuita wosia taa, au dira, au njia. Picha hizo hazikuwa ngeni kwa watunzi wa pwani. Yeye amechagua hirizi, ambayo kazi yake ni kumlinda mtu mahali ambapo mlinzi hayupo, na kidani, ambacho hukaa pale mkono wa mama ulipokuwa ukikaa. Anajua anaondoka. Anatafuta kitu kitakachobaki mwilini mwa mtoto badala yake. Na neno kifungo linatokana na mzizi uleule tulioutumia kuunda neno mafungamano. Sidai kwamba Mwana Kupona aliwahi kuwaza nadharia. Nadai kwamba lugha ya Kiswahili ilikwisha kuujua uhusiano kati ya kupenda na kufunga kabla ya maprofesa kuupimia.

Sasa tumtazame marehemu mume. Baada ya kuorodhesha wajibu wa mke, msemaji anajitolea mfano yeye mwenyewe. Anaeleza kwamba aliishi na baba yake Mwana Hashima kwa furaha na bila ugomvi, na kwamba ilipofika amri ya Mungu mume alimkaririia radhi zake na kumshukuru. Wahakiki wanaoukosoa utendi huona hapa kiburi cha mke mtiifu. Mimi naona mjane anayeomboleza. Miaka miwili baada ya kifo, bado anaisikia sauti ya mumewe ikirudia neno moja. Bowlby alieleza kwamba mfiwa mwenye mafungamano salama huweza kuendelea kuuhisi uhusiano na marehemu bila uhusiano huo kumzuia kuishi. Uchungu unabaki, lakini marehemu anakuwa chanzo cha nguvu. Mwenye wasiwasi, kwa upande wake, huweza kukwama katika maombolezo yasiyokwisha, na mwenye kujitenga huenda asiomboleze kabisa machoni pa watu. Msemaji wetu yuko wapi? Anamkumbuka mume ili ampe binti kitu. Kumbukumbu imegeuka riziki ya mtoto. Hapo nauona usalama.

Lakini sitaki kuifanya picha iwe laini kupita kiasi. Kuna upande mwingine wa utendi ambao msomaji wa leo hawezi kuumeza kwa urahisi. Maagizo kwa binti ni mengi na ni ya karibu mno: asitoke bila idhini, asimwamshe mume anapolala, amkande, ampepee, asimwache peke yake. Mtu anaweza kuyasoma haya kama alama ya wasiwasi: mama anayeogopa kwamba akifumba macho dunia itammeza mtoto, hivyo anamfunga kwa kanuni. Usomaji huo una haki yake, hasa tukikumbuka hali ya Siyu. Mtawala amekufa, mji umo katika mvutano na Unguja, na binti wa nyumba ile hana baba. Ann Biersteker, katika makala ya mwaka 1991, alikwenda mbali zaidi akapendekeza kwamba maagizo haya yanaweza kusomwa kwa kejeli, kama maarifa ya mwanamke kwa mwanamke kuhusu namna ya kuishi chini ya mamlaka bila kumezwa nayo. Ushahidi anaoutegemea mtu kwa hoja kama hiyo ni pale mke anapoambiwa amtunze mume kama mtoto ambaye bado hajajua kusema.

Mfano huo wa mtoto asiyejua kusema umenikaa akilini. Kwa macho ya nadharia yetu, mume amewekwa katika nafasi ya mchanga na mke katika nafasi ya mlinzi. Mwenye mamlaka ya nje ndiye mhitaji wa ndani. Ila nadhani mfano huu unasema na mengine. Anayesema habari za mtu asiyeweza kutamka ni mtu ambaye yeye mwenyewe, kwa mwaka mzima, hakuweza kutamka. Amekuwa mgonjwa wa kutunzwa: wa kukandwa, wa kupepewa, wa kuachwa alale. Je, anapomfundisha binti jinsi ya kumkaa mtu asiyejua kusema, hamfundishi pia jinsi ya kumkaa mama? Sina ubeti wa kuthibitisha kwamba hivyo ndivyo alivyokusudia. Lakini huduma anazozitaja ni huduma za kitandani, na kitanda kinachoonekana wazi katika beti za mwanzo ni cha mama.

Victor Cicirelli, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, amechunguza mafungamano ya wazee na kuonyesha kwamba orodha ya watu wao wa kukimbilia hubadilika. Wazazi wamekwisha kufa, mwenzi huenda amekufa, marafiki wamepungua. Wanaobaki ni watoto waliokomaa, marehemu wanaoendelea kukumbukwa, na Mungu. Katika makala ya mwaka 2004 alimweka Mungu kuwa kimbilio la mwisho la wazee wengi. Orodha hiyo niliposoma mara ya kwanza ilinifanya niuchukue utendi rafuni. Mtoto, marehemu, Mungu: ndiyo mihimili mitatu ya Mwana Kupona. Anaanza na binti, anapita kwa mume aliyekufa, na anamalizia kwa dua ndefu ambamo anawaombea wanawe na jamaa zake. Hata fundisho lake kuhusu radhi za watu watano, yaani Mungu, Mtume, baba, mama na mume, ni ramani ya mafungamano. Anayezipata radhi hizo, anasema, ndiye apataye usono duniani na akhera. Usono ni neno la kale la pumziko na utulivu. Sijapata neno bora la Kiswahili kwa kile ambacho Bowlby alikiita msingi wa usalama.

Ulinganisho mmoja utaweka jambo hili wazi zaidi, nao tunaupata Pate hukohuko. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayokadiriwa kuwa ya mwanzoni mwa karne ya 19, nayo ni kazi ya mtu anayetazama vitu vikiisha. Majumba yaliyojaa taa na wageni yamebaki mahame ya popo. Lakini msemaji wa Al-Inkishafi anazungumza na nani? Na moyo wake mwenyewe. Anaukemea, anauuliza kwa nini hauamki, anautisha kwa Jahanamu. Ni kazi kubwa, na kwa ufundi wa picha pengine inaupita Utendi wa Mwana Kupona. Hata hivyo, hakuna anayeambiwa asogee. Waliokuwemo katika majumba yale wamekwisha kwenda, na msemaji amebaki na moyo usiomwitikia. Mwanafunzi akiziweka kazi hizi mbili pamoja ataelewa tofauti ya kuzungumza na nafsi na kuzungumza na mtoto, hata kama mada ya zote mbili ni mauti.

Kuhusu fani nitasema jambo moja tu. Kina cha bahari katika utendi huu ni -ia, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Si kila neno lenye kina hicho ni kitenzi, kwani dunia nayo imo. Lakini mara nyingi ubeti unafungwa kwa kitenzi chenye umbo la kauli ya kutendea au linalosikika kama hiyo: kuambia, kuangalia na vinginevyo. Kauli ya kutendea ndiyo inayoingiza mtu mwingine katika tendo. Bila yule anayefanyiwa haikamiliki. Basi sikio la msomaji linapelekwa mara 102 kwenye sauti ya kufanyia. Walimu tunaofundisha sarufi Jumatatu na ushairi Jumatano tungefaa kuunganisha vipindi hivyo viwili angalau mara moja.

Mtu anaweza kupinga kwamba nimeukuza ubeti mmoja wa ugonjwa kupita kiasi, na kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa mwili, si wa moyo. Sikatai. Lakini katika uzee mambo haya mawili hayaachani. Maumivu ya muda mrefu huzaa sonona, na sonona huyafanya maumivu yasivumilike. Daktari anayetibu moja na kuliacha la pili hupata nusu ya mgonjwa. Tena mtunzi mwenyewe ndiye aliyechagua kuyaweka maradhi na ukosefu wa neno jema katika ubeti mmoja. Si mimi niliyevileta pamoja.

Kwa nini jambo hili litushughulishe katika jarida la walimu? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wengi wao wanaishi na vijana tunaowafundisha, au vijana wetu wameachwa kwao na wazazi walio mijini. Tunawafundisha vijana hao kwamba mzee katika fasihi ni mshauri, chemchemi ya hekima, mtoa methali. Katika majibu ya mtihani, mzee hana sifa nyingine. Mzee aliyenyamaza hana mahali. Watahiniwa wengi wameisoma tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambamo Sara ni mama mgonjwa na mabinti wanahangaika kumtunza. Wamefundishwa kuorodhesha sifa za Sara na umuhimu wake. Ningependa waulizwe pia: katika kila onyesho, ni nani ameketi karibu na Sara, na Sara anasema nini mtu huyo anapokuwa karibu ambacho hakisemi anapokuwa mbali? Swali hilo halihitaji nadharia yoyote kulijibu, na litawarudisha kwenye maneno ya jukwaani.

Kwa upande wa Utendi wa Mwana Kupona, kuna pengo ambalo darasa linaweza kulifanyia kazi. Mwana Hashima hasemi. Katika beti zote 102 anaitwa, anaketi, anaandika, anavishwa, anaombewa, lakini hatuisikii sauti yake. Nilipofika hapo na Kidato cha Tatu niliwapa zoezi la kumwandikia jibu: beti nne, mizani minane kwa kila kipande, kina cha bahari kileKile cha -ia. Nilitarajia wabishane na mama kuhusu ndoa, na wasichana kadhaa walifanya hivyo kwa ukali uliopendeza. Wengi zaidi waliandika kuhusu uuguzi, kuhusu maji ya kunywa, mto wa kuegemea na dirisha. Mvulana mmoja alikuja mezani kwangu kuuliza kama lazima iwe mama. Babu yake alikuwa hajasema la maana tangu nyanya alipofariki, naye alitaka kuandika beti za kumwita babu asogee. Nilimwambia kina hakibadiliki, ila mwenye kuitwa anaweza kubadilika. Akarudi kwenye dawati lake akaanza kuhesabu mizani kwa vidole.